SOMO LA BIOLOJIA KWA WAFINALISTI: CHANJO NA SERUMU



Kila mwaka, Egzameni ya Serikali inapokaribia, tunawaona wafinalisti wakitembea na maswali ya miaka ya nyuma chini ya kwapa, wakiyarudilia maneno kama kasuku. Swali moja linalopenda kurudi ni hili: chanjo na serumu zinaachana namna gani? Uliza mwanafunzi yeyote wa Butembo ao wa Beni, atakujibu mbio mbio: "Chanjo inazuia ugonjwa, serumu inaponyesha." Jibu si baya. Lakini ukimwuliza tena, "Inazuia namna gani? Inaponyesha na nini?" ananyamaza. Siku mwenye kutunga maswali atakapogeuza maneno kidogo tu, huyu ndugu atapotea katikati ya majibu matano.

Vitabu vyetu vinaleta mfano wa Jenner na ugonjwa wa ng'ombe (1796), na ule wa Pasteur na mbwa mwenye kichaa (1885). Muijifunze mifano hiyo, inaulizwa. Lakini sisi tuko na mfano wa hapa kwetu, tena tuliulipia bei kali. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa wa Ebola ulikaa kwetu. Ulitangazwa Mangina, ukafika Beni, Butembo, Katwa, ukavuka mpaka Ituri. Watu 3470 waliugua, na 2287 wakafa. Ndani ya hesabu hiyo mna wazazi wa baadhi yetu. Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule ya msingi, tunakumbuka vizuizi vya barabarani, maji ya klori yenye harufu kali, na kile kipimo cha homa kilichoelekezwa kwenye paji la uso.

Wakati ule watu wa soko na wenye pikipiki waliuliza maswali ambayo, kwa kweli, ni maswali ya biolojia. "Juu ya nini wanachoma sindano mtu mzima asiye na homa?" "Juu ya nini fulani alichomwa sindano, na nyuma ya siku sita akaugua?" "Na yule aliyepona, mbona anabeba watoto wa wagonjwa bila kuogopa?" Mwenye kujibu maswali haya matatu vizuri, sura ya kinga ya mwili ameimaliza. Tuyakamate moja moja, lakini tuanze na adui mwenyewe.

Virusi ni kitu gani?

Virusi si mnyama, si mmea, tena si bakteria. Haina seli. Hailishwi, haipumui, haikui. Virusi ya Ebola ina umbo la uzi. Upana wake ni nanometa 80 hivi, na nanometa moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Ndani ya uzi huo mna ARN moja yenye herufi karibu 19000, zinazofanya jeni saba. Jeni saba tu! Mtu iko na jeni karibu 20000, na bado hizi saba zinaweza kumwangusha.

Fahamuni hivi. Gazeti hili mnalolishika lilitoka kwa stensili. Stensili iko na maandiko yote, lakini ukiiweka mezani mwaka mzima haitazaa karatasi hata moja. Inahitaji mashine ya mwingine, wino wa mwingine na karatasi za mwingine. Virusi iko vilevile. Inje ya seli imelala. Ikiingia ndani, inatumia mashine ya seli kujichapa maelfu ya mara, na seli inakufa.

Inaingiaje? Inje yake iko na ngozi nyembamba ya mafuta, na juu ya ngozi hiyo mmepandwa miiba ya proteini inayoitwa glikoproteini. Muiandike hii kwa herufi kubwa, sababu somo lote linaizunguka. Glikoproteini ndiyo ufunguo wa kufungulia seli. Na ile ngozi ya mafuta ndiyo sababu sabuni na klori zinaiharibu virusi hii: mafuta yanayeyuka, ufunguo unaanguka. Maji ya vizuizini hayakuwa ya kupendezesha macho.

Hapa tuseme neno juu ya ampisilini, maana katika nyumba nyingi za mji wetu imekuwa dawa ya kila kitu. Antibiotiki za jamaa ya penisilini, na ampisilini ni mojawapo, zinavunja ukuta wa bakteria. Nyingine zinazuia mitambo ya bakteria ya kutengeneza proteini. Virusi haina ukuta, haina mitambo. Itavunjwa nini? Na malaria ni habari nyingine tena: inaletwa na plasmodiumu, kiumbe cha seli moja chenye kiini. Lakini siku za kwanza malaria na Ebola zinafanana kabisa: homa, kichwa kuuma, kuchoka. Ndiyo maana Novemba 2018 waliwagawia watu wa Beni dawa ya malaria nyumba kwa nyumba, ili wenye homa ya malaria wapungue na wenye Ebola waonekane upesi.

Mwili unajifunza namna gani?

Kitu chochote cha kigeni ambacho mwili unakitambua na kukipinga kinaitwa antijeni. Kwa Ebola, antijeni kubwa ni ile glikoproteini. Katika damu yetu mna seli nyeupe zinazoitwa limfosite B, mamilioni kwa mamilioni, na kila moja iko na umbo lake la kushikia. Nyingi hazitakutana na kitu cha kushika maisha yote. Lakini ikitokea moja ambayo umbo lake linalingana na antijeni iliyoingia, hiyo inaamka, inagawanyika, inazaa jeshi. Sehemu ya jeshi inakuwa plasmosite, ndizo zinazotengeneza kingamwili, ambazo mwalimu anaziita kwa Kifaransa antikori. Kingamwili ni proteini yenye umbo la herufi Y. Inaenda kuushika ufunguo wa virusi, na ufunguo ulioshikwa haufungui mlango. Sehemu nyingine ya jeshi haipigani. Inabaki kwa miaka mingi kama kumbukumbu.

Kazi hii yote inaomba siku. Hapo ndipo hatari ya Ebola ilipo. Kati ya seli inazozishambulia kwanza ni makrofaji, yaani walinzi wenyewe wanaopaswa kupiga kelele. Mlinzi amefungwa mdomo, na mwizi anazidi kuzaana. Mgonjwa anakufa siyo kwa sababu mwili wake hauna akili, ila muda umekosekana.

Swali la kwanza: sindano kwa mtu mzima

Chanjo ni kuuonyesha mwili antijeni mbele ya adui kufika, ili ujitengenezee kingamwili na kumbukumbu kwa raha zake. Chanjo iliyotumiwa Beni na Butembo inaitwa rVSV-ZEBOV, na jina lake la duka ni Ervebo. Waliikamata virusi ingine kabisa, ile inayowatia ng'ombe na farasi malengelenge mdomoni. Wakaondoa jeni ya mwiba wake, wakaweka pahali pake jeni moja ya Ebola, ile ya glikoproteini. Basi mwili unaona koti la mwizi, lakini ndani ya koti mwizi hayumo.

Katika mji wetu wengi walisema: "Wanatutia Ebola yenyewe kwa sindano." Jibu mnalo sasa. Ebola inahitaji jeni zake zote saba ili ijichape. Sindano iko na moja. Kwa mfano wa stensili yetu: ukikata mstari mmoja wa ukurasa na kuubandika kwenye stensili ya gazeti lingine, huwezi kuchapa gazeti la kwanza. Homa ya siku moja ao mbili, mkono kuuma, viungo kuchoka, hayo yalionekana sana. Ni dalili kwamba limfosite zimeamshwa.

Chanjo hii ilikuwa inangojea katika baridi ya digri 60 mpaka 80 chini ya sifuri, na kila mtu anajua umeme wa kwetu wakati ule. Hata hivyo ilianza kuchomwa tarehe 8 Agosti 2018, juma moja tu nyuma ya tangazo. Haikugawiwa kwa mji mzima. Walitafuta waliomgusa mgonjwa, kisha waliowagusa hao, wakawachanja kama wanaojenga lupango kuuzunguka moto. Mpaka mwisho watu waliochanjwa walipita 300000.

Tusidanganyane kwamba shaka za watu zilitoka kwa ujinga peke yake. Miaka mingi watu wa Beni walikuwa wakiuawa na vikundi vyenye silaha bila msaada, halafu magari ya kigeni yakafika kwa wingi juu ya ugonjwa mmoja. Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa kwetu, na sehemu nyingine za inchi zikapiga kura. Vituo vya kutunza wagonjwa vya Katwa na Butembo vilichomwa moto Februari 2019. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kameruni, aliuawa kwa risasi mumu humu Butembo. Mtihani hautawauliza haya. Lakini mtu atakayefanya kazi ya uganga kesho asiyajue atashangaa kuona mlango umefungwa mbele yake.

Swali la pili: aliyechanjwa akaugua

Hili ndilo lililovunja urafiki wa watu wengi, na linahitaji hesabu tu. Mambo mawili ya kushika: tangu virusi kuingia mpaka homa ya kwanza, zinapita siku 2 mpaka 21. Na tangu sindano mpaka kinga kukomaa, zinapita siku 10 hivi. Hii ya siku 10 ilionekana Ginea mwaka 2015, pale walipojaribu chanjo hii: kati ya waliochanjwa mara moja, hakuonekana mgonjwa hata mmoja nyuma ya siku ya kumi.

Sasa tuseme mtu ameosha maiti ya jamaa yake tarehe 1, na virusi imeingia siku hiyo. Timu ya chanjo imemfikia tarehe 9. Kinga yake itakomaa karibu tarehe 19. Lakini tarehe 15 homa inaanza. Jirani anahesabu kutoka 9 mpaka 15, anasema: "Siku sita nyuma ya sindano! Sindano ndiyo imemwua." Mwanabiolojia anahesabu kutoka 1 mpaka 15: siku 14, katikati kabisa ya zile 2 mpaka 21. Virusi ilikuwa mbele kwa siku nane, chanjo haikuweza kuifikia. Kama timu ingefika tarehe 2, ingekuwa mbio za namna nyingine.

Mwisho wa ugonjwa nao unahesabiwa kwa kanuni hiyo. Wanangojea siku 42 bila mgonjwa mpya, ndiyo 21 mara mbili.

Serumu, na mtego wa chupa

Angalieni mtego. Kwetu mtu akilazwa hospitali tunasema "wamemtia serumu", ndiyo ile chupa ya maji ya chumvi ao ya sukari inayoning'inia. Hiyo ni maji ya kuongezea damu nguvu, haina kingamwili hata moja. Serumu ya swali la mtihani ni maji ya damu yaliyotoka kwa mtu ao mnyama ambaye amekwisha kupambana na ugonjwa, na ndani yake mna kingamwili tayari. Behring alianza njia hiyo mwaka 1890 juu ya ugonjwa wa difteria, na mwaka 1901 akapata zawadi ya Nobel.

Mgonjwa wa Ebola hana nafasi ya kungoja limfosite zake zijifunze. Mwenye njaa ya leo humpi mbegu za maharagi, unampa sahani. Chanjo ni mbegu. Serumu ni sahani, na sahani inaisha. Kingamwili za kuazimwa zinakaa majuma ao miezi, kisha mwili unazivunja kama proteini nyingine, na kumbukumbu haibaki.

Hapa inchi yetu iko na sehemu yake katika habari, na tunashangaa kuona vitabu vya shule havijaiandika. Ebola ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1976 huko Yambuku, na Mkongomani Jean-Jacques Muyembe alikuwa kati ya waganga wa kwanza kufika na kukamata damu ya wagonjwa. Mwaka 1995 ugonjwa ulipiga Kikwit. Yeye na wenzake wakawapa wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona. Saba wakapona. Wataalamu wa inje walisema: watu wanane ni wachache, na hakukuwa na kundi la kulinganisha, pengine hao saba wangepona tu. Hapa walisema kweli. Jaribio bila kundi la ulinganisho halisemi mengi, na hili muliweke akilini kwa maswali ya majaribio.

Lakini mambo hayakukoma. Mwaka 2006 mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu yake. Miaka 11 ilikuwa imepita, na limfosite zake za kumbukumbu zilikuwa bado zinaijua Ebola. Kutoka kwa seli hizo wataalamu wakapata kingamwili moja, wakaipa jina mAb114, wakaitengeneza kwa wingi katika maabara. Dawa ya pili, REGN-EB3, ni kingamwili tatu pamoja, zilizopatikana kwa panya waliopewa jeni za kinga za mtu.

Na wapi zilijaribiwa? Hapa kwetu: Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne, kila kundi na dawa yake. Safari hii kundi la ulinganisho lilikuwako. Kati ya wagonjwa mia moja waliopewa ZMapp, 50 hivi walikufa, waliopewa remdesivir, 53, mAb114, 35, REGN-EB3, 34 hivi. Agosti 2019 jaribio likasimamishwa mbele ya wakati, kwa kuwa ilionekana wazi ni dawa gani mbili zinazopita nyingine, na wagonjwa wote wakaanza kupewa hizo. Marekani ilizikubali rasmi Oktoba na Desemba 2020.

Hesabu moja tunaipenda kuliko zote. Wale waliopewa dawa hizi mbili wakati virusi ilikuwa bado kidogo katika damu, walikufa 10 ao 11 tu kati ya mia. Aliyefichwa nyumbani juma zima alifika virusi imejaa, na kingamwili za chupa moja hazikutosha kushika funguo zote.

Swali la tatu: waliopona

Beni na Butembo kulikuwa nyumba za kulelea watoto ambao mama zao wamelazwa. Waliowabeba ni watu waliopona Ebola. Hawakuwa na dawa ya kienyeji. Walikuwa na limfosite za kumbukumbu. Virusi ileile ikirudi, jeshi linatoka upesi kuliko mara ya kwanza.

Lazima tuongeze jambo moja, hata kama ni gumu. Mna vyumba vya mwili ambamo kingamwili zinaingia kwa shida: ndani ya jicho, na katika mapumbu. Virusi inaweza kujificha humo miezi, mara chache hata miaka. Ugonjwa uliorudi kwetu Februari 2021, wagonjwa 12 na vifo 6, ulihusika na mtu aliyekuwa amepona zamani. Kwa hiyo waganga wanawapima wanaume waliopona na kuwaomba watumie kondomu mpaka vipimo viwe safi. Kumsalimia aliyepona, kula naye, kukaa naye benchi moja darasani, hakuambukizi. Tumeona wanafunzi wakisogea mbali, na biolojia haiwapi haki.

Kinga za namna nne, kwa mfano wa kwetu: aliyepona ana kinga hai ya asili, aliyechanjwa, kinga hai ya kutengenezwa, mtoto mchanga aliyepata kingamwili kupitia kondo na maziwa ya mama, kinga tulivu ya asili, mgonjwa aliyepewa mAb114, kinga tulivu ya kutengenezwa. Hai ni pale mwili umefanya kazi wenyewe. Tulivu ni pale umeletewa.

Maswali ya kujipima

1. Upande wa Uganda, mwaka 2007 kulitokea Ebola ya aina nyingine iliyoitwa Bundibugyo. Isiro iliipata mwaka 2012. Je, Ervebo imetengenezwa kwa ajili ya aina hiyo?
2. Mtu ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Anapewa chanjo na serumu siku moja. Kwa nini zote mbili?
3. Mganga alimpa mgonjwa wa Ebola antibiotiki pia. Amekosea?

Majibu. Moja: hapana. Glikoproteini ya Bundibugyo si ile ya aina ya Zaire, na ufunguo wa kadenasi moja haufungui kila kadenasi. Hii inaitwa umaalumu wa kingamwili. Mbili: serumu inashika virusi mara moja, na chanjo inatengeneza kinga ya kudumu wakati serumu inaisha; virusi ya kichaa inatembea polepole kwenye mishipa ya fahamu, ndiyo maana chanjo inaifikia hata nyuma ya kuumwa. Tatu: hajakosea kama anatibu bakteria walioingia katika mwili uliodhoofika, ao anawazuia; angekosea kama angetumaini kwamba antibiotiki itaua Ebola.